Kipande cha Shangazi

6 Februari

Mwanangu, Bwana Hadubini,

Nakuuliza hali kabla hujaniamkia, maana nikingoja shikamoo yako ifike kwa posta nitazeeka mara mbili. Sisi huku hatujambo. Baba yako naye hajambo, ila ualimu umestaafu yeye hajastaafu: juzi alimrudishia muuza magazeti gazeti lake likiwa limesahihishwa kwa kalamu nyekundu ukurasa wa kwanza mpaka wa michezo. Nikaenda kuomba radhi kwa niaba ya kaka yangu, kazi ambayo nimeifanya tangu nazaliwa.

Usinipigie simu kuhusu haya nitakayoandika. Kwenye simu kila nikifika penye maana unasema, "Shangazi, niko maabara," unakata. Barua huwezi kuikata.

Saluni ipo. Ni mwaka sasa tangu yule mteja apige chafya nikimpaka dawa ya kulainisha nywele, donge zima likanirukia jicho la kushoto, na katika mwaka huu nimejifunza mengi. Mtu wa jicho moja humimina chai pembeni ya kikombe. Mlango humpiga bega upande uleule kila siku, naye kila siku hushangaa. Miwani nyeusi naivaa hata ndani, na wateja wapya wanadhani ni maringo. Sijawakatalia.

Sasa sikia. Daktari wa macho ananiambia kuna maabara wanaotesha ngozi ya jicho. Watakata kipande kwenye jicho langu la kulia, wakioteshe, kisha wanibandike kushoto. Nikamuuliza maabara gani, akataja mahali unapofanya kazi wewe. Nilicheka mpaka akadhani nimekubali. Wewe! Wewe uliyepewa harage na pamba darasani, watoto wote wakaotesha miche, lako likaoza mpaka mwalimu, ambaye ni baba yako mwenyewe, akaangalia dirishani!

Jibu langu ni hapana. Nimebakiwa na jicho moja zima, nalo ndilo linaloniweka mjini. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi nikiona hata chupa ya matone nashtuka. Lakini nieleze, nijue ninachokataa ni nini. Usitumie maneno ya vitabuni.

Fundi viatu wa mlango wa pili anakusalimu. Ndiye aliyenishonea kamba ya miwani. Yeye anaona nikubali, lakini fundi viatu huona kila kitu kinaweza kutiwa kiraka. Jana alinivusha barabara. Ni mtu mtulivu.

Shangazi yako, na huna mwingine.


19 Februari

Kwa Shangazi yangu,

Shikamoo, na nyingine ya akiba kwa siku ambayo posta itachelewa.

Mimi ni mzima. Bado nakaa kile chumba juu ya tanuri la mikate, naamka na harufu ya mkate na nalala na njaa. Mama mwenye nyumba ameanza kunikagua sahani, anadai mwanaume asiyeoa hali vizuri. Usimjibu kwa niaba yangu, nakujua. Mwambie Baba nimepata ile barua yake, pamoja na barua yangu ya mwezi uliopita aliyonirudishia na alama saba kwa kumi.

Nimesoma habari za fundi viatu. Katika barua moja ya jicho, amekushonea kamba, amekushauri, amekuvusha barabara na amekuwa mtulivu. Mimi sisemi kitu.

Kuhusu harage, lile nililipenda kupita kiasi. Nililimwagilia kila nilipopita.

Haya, bila maneno ya vitabuni. Pale ambapo weusi wa jicho unapakana na weupe, kuzunguka pande zote, kuna kitalu cha seli. Kazi ya seli hizo ni kuzaa nyingine, ambazo husambaa na kufunika kioo cha mbele cha jicho, za zamani zikichakaa mpya zinashika nafasi. Ile dawa ilikichoma kitalu chote cha kushoto. Ndiyo maana matone hayakusaidii kitu: unamwagilia shamba lisilo na mbegu. Kitalu cha kulia ni kizima. Daktari atachukua humo kipande kidogo kuliko punje ya mchele. Huku tutakiweka juu ya utando mwembamba sana, ule unaomfunika mtoto tumboni mwa mama, ambao akina mama waliojifungua kwa upasuaji hututolea kwa hiari. Tutakilisha, tutakiweka kwenye kabati lenye joto la mwili, na kwa majuma mawili hivi seli zitakuwa zimeutanda utando mzima. Utarudishwa kwenu, daktari ataushona juu ya jicho la kushoto.

Sikudanganyi, wapo ambao haukushika. Walioshika ni wengi zaidi. Jicho la kulia litawasha siku chache, kisha litapona.

Na kama unauogopa mkono wangu, tulia. Kanuni ya hapa inamkataza mfanyakazi kugusa sampuli ya ndugu yake. Mganga hajigangi. Kipande chako kikija, kitakuwa na namba tu, na atakishughulikia mwingine.

Ni mimi mwanao.


12 Machi

Mwanangu,

Marahaba zote mbili, na ile ya akiba nimeitumia. Baba yako anauliza kwa nini hukukata rufaa juu ya zile alama saba. Mwaka huu amekuwa mpole, nadhani ni dawa za presha.

Jumamosi nilimkata bibi harusi sikio.

Usicheke. Alitaka nywele za mbele zipunguzwe kidogo tu. Nikapima, nikaona mkasi uko kwenye nywele, kumbe uko kwenye sikio. Damu haikuwa nyingi, lakini gauni lilikuwa jeupe. Mama mtu alinitazama, akaangalia miwani yangu. Angenitukana ningefurahi, maana tusi lina jibu. Alinionea huruma, mwanangu, akalipa na nauli yangu ya kurudi nyumbani, mimi ambaye nimesuka kichwa chake tangu hajaolewa. Niliporudi niliupanga mkasi kwenye droo nikakaa.

Kwa hiyo ni ndiyo. Daktari amenipangia tarehe ishirini. Naogopa. Naandika mara hii moja tu, wala usiniulize tena. Wakiliharibu hili la kulia, sijui mtu aliyeshika nywele za watu maisha yake yote hushika nini akishakuwa kipofu.

Nimeelewa yote, pamoja na hilo la utando. Yaani katika umri huu naenda kulelewa upya kwenye tumbo la mama mwingine. Mwambieni huyo mama asinikanye sana.

Na kanuni yenu nimeipenda, iheshimu. Lakini kama utakipita mahali, kiamkie. Kipande cha shangazi ni shangazi.

Shangazi yako.


29 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Hapa mvua, mikate inachelewa kuumuka, mama mwenye nyumba anamlaumu mwokaji na mwokaji analaumu serikali.

Umefika salama. Umekuja kwenye sanduku la barafu, ndani ya kichupa kidogo, umetulia kuliko nilivyowahi kukuona. Nilikuamkia. Mwenzangu akauliza naongea na nani.

Unaendelea vizuri, Shangazi. Kuanzia siku ya nne seli zilianza kutoka pembeni ya kipande kwenda nje, taratibu. Nakuchungulia asubuhi, mchana na jioni kabla sijatoka, na kila nikikuchungulia umeongezeka. Una haraka, kama siku zote. Zikiendelea hivi, baada ya juma moja utakuwa tayari kusafiri.

Jicho la kulia linasemaje? Na yule mtu mtulivu hajambo? Ukimwona, mwulize kama anashona na suti, nimpe vipimo vyangu mapema. Siku kama hiyo haimkuti mpwa na shati la kazini.

Mwanao.


8 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima. Saluni shwari kabisa, kazi ni ya kawaida tu. Meza ninayoandikia imevunjika mguu, ndiyo maana maandishi yanapanda na kushuka.

Barua yako imetufurahisha. Fundi viatu alipokuwa ananisomea, akafika pale pa suti, akakohoa mpaka nikampa maji. Kisha akasoma mstari unaofuata kama hakuna kilichotokea. Wewe una adabu mbovu, na hukuirithi upande wetu.

Jicho la kulia linawasha kidogo, kama ulivyosema.

Nangoja kipande changu. Sijawahi kungoja kitu namna hii. Hata nilipokuwa natarajia kuolewa, Mungu amrehemu marehemu, nilikuwa nasinzia.

Shangazi.


30 Aprili

Kwa Shangazi yangu mpendwa sana,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa katika afya njema kabisa, wewe na Baba na majirani wote na wateja wote. Mimi huku namshukuru Mungu, ni mzima wa afya, na kazi inaendelea. Hali ya hewa imebadilika, mvua imekatika, asubuhi kuna baridi lakini mchana jua linatoka, kisha jioni baridi inarudi. Mikate sasa inaumuka vizuri. Mama mwenye nyumba amepaka rangi ngazi, rangi ya kijani, na mlango wa nje nao ameupaka, nao ni wa kijani. Mwokaji amenunua baiskeli. Baba hajambo? Presha yake? Muuza magazeti je, walipatana?

Bila shaka daktari alikuambia kwamba kipande hakikufanikiwa. Hutokea, Shangazi. Nasikitika sana. Tutaona la kufanya.

Mimi nimehamishiwa chumba cha kuosha vyombo kwa muda, ni mabadiliko ya kawaida tu.

Lakini kuna jambo limenikaa rohoni tangu barua yako iliyopita. Tangu lini barua zangu unasomewa? Na hiyo meza iliyovunjika mguu, mbona naijua, ni ya chuma? Nimempigia Baba, akaniambia nikuulize mwenyewe. Sijawahi kumsikia Baba akikosa jibu. Niambie kweli.

Mwanao.


9 Mei

Bwana Hadubini,

Marahaba.

Mtu mwenye salamu nyingi ana jambo. Umeniandikia rangi ya ngazi, umeniandikia na rangi ya mlango. Ungekuwa na nafasi zaidi ungeniandikia na baiskeli ya mwokaji ni ya rangi gani.

Nianze mimi, maana ndiye mkubwa. Jicho la kulia halikuwasha siku chache. Lilivimba likaziba, likatoa usaha, na kwa muda wa mwezi hivi nilikuwa sioni kwa hili wala kwa lile. Saluni niliifunga. Baba yako alikuja kila asubuhi kunipikia, na hilo nimemsamehe. Fundi viatu alinisomea barua, akanishika mkono mpaka kwa daktari, akalala kwenye kibanda chake cha kazi ili nikiita asikie. Ndivyo nilivyoishi. Sasa limepona, naona kama zamani, na nimefungua. Sikukuambia kwa sababu ungefanya nini? Ungelia juu ya vichupa vya watu.

Zamu yako.

Daktari aliponiambia kipande hakikuota, nilimuuliza kwa nini, akasema sababu ni nyingi. Nikarudi nyumbani nikasema basi ni uzee. Mbegu imechoka. Nililia kidogo, si sana, na jicho lililovimba likauma nikaacha. Nikakaa na hilo.

Kisha nikaweza kusoma mwenyewe, nikazitoa barua zako nikazisoma upya. Umeniandikia, kwa mkono wako, kwamba kanuni inakukataza kukigusa. Halafu umeniandikia, kwa mkono huohuo, kwamba unakichungulia asubuhi, mchana na jioni. Halafu unaosha vyombo. Mwanangu, tangu lini mtu anahamishiwa jikoni kwa sababu shangazi yake amezeeka?

Mimi nimepika wali maisha yangu yote. Anayefunua sufuria kila dakika simpi mwiko. Andika. Na safari hii ngazi ziache.

Shangazi.


17 Mei

Shangazi,

Shikamoo.

Nilikijua kipande chako mara tu sanduku lilipofunguliwa, kwa muhuri wa daktari wako. Nilipaswa kumwambia msimamizi. Nilinyamaza, nikabadilishana zamu na mwenzangu ili niwe nacho mimi. Nilijiambia hakuna atakayekitunza kama mimi.

Lile kabati hufunguliwa kwa kazi tu, kwa sababu kila likifunguliwa hewa ya nje inaingia na vilivyomo. Mimi nililifungua nikiwa na kazi na nikiwa sina. Nilikuwa nikikumbuka tu kwamba umo ndani, naenda. Asubuhi moja nikakuta maji yamechafuka na uzi mweupe umeota juu ya utando, ukungu uleule wa mkate. Ukishaota huo hakuna dawa. Nilikitupa mwenyewe. Vya wagonjwa wengine vilikuwa kabati jingine, vikapona.

Seli zako hazikuchoka, Shangazi. Zilikuwa zinaota vizuri mno. Mwenzangu aliziona akasema huyu lazima ni kijana. Niliua kitu kizima. Kisha ukaumia mwezi mzima bure, na mimi nikakuachia uamini kwamba kosa ni la umri wako, kwa sababu lilikuwa jambo rahisi kwangu. Naona aibu, na sina njia ya kuichekesha.

Msimamizi hakunifukuza. Aliniambia kanuni ile haikuwekwa kwa sababu watu wanawachukia ndugu zao.

Daktari amewaandikia wakubwa wangu kwamba anaweza kuchukua kipande kingine, upande wa chini wa jicho la kulia, mara moja tu. Mara ya tatu haitakuwepo. Mimi siwezi kukuomba hilo. Nakupa habari tu.

Mwanao.


2 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako niliisoma mara mbili, kisha nikaenda kumwosha mteja nywele, na mpaka leo sikumbuki alikuwa nani.

Nilikukasirikia. Nilikukasirikia vizuri, kwa utulivu, huku nikifanya kazi zangu, na baba yako alipotaka kukutetea nikamwambia akasahihishe magazeti. Kipande hakikuniuma sana. Kilichoniuma ni ule mwezi ulioniacha niamini kwamba mimi ndiye niliyeoza. Mtu wa umri wangu akiambiwa hivyo huwa habishi, unajua? Hukubali haraka sana.

Sasa imepoa. Nimekuandikia ujue ilikuwepo.

Fundi viatu safari hii hataki nikatwe tena. Alikuwepo ule mwezi, aliyaona. Baba yako naye hataki. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeapa. Lakini kuna neno umeliandika ambalo hukulifikiria: zilikuwa zinaota. Ungeendelea kunificha, ningekataa mpaka kaburini, maana nani atoe mara mbili mbegu iliyokufa mara moja? Umeniambia kweli, ukanipa na sababu. Mbegu yangu ni nzima. Mkulima ndiye alikuwa na kiherehere.

Nitatoa kipande cha pili. Nimemwambia daktari mwezi ujao, na wakati huo wewe utachukua likizo. Yote uliyonayo. Siku kipande changu kinapoingia kwenye mlango wa maabara yenu, nataka wewe uwe umeshatokea mlango mwingine. Utakuja huku, utakaa kwenye kile kiti cha drai mbovu, mbele yangu, nikuone kwa jicho lolote litakalokuwa wazi kwamba mikono yako imetulia. Jicho la kulia likivimba tena, utanipikia wewe, maana mapishi ya baba yako nimeyasamehe mara moja tu.

Waambie wanipe mtu asiyenijua. Mtu mkavu. Mtu ambaye akiambiwa usifungue, hafungui hata nyumba ikiungua.

Shangazi yako.


4 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Nimefika salama. Mikono bado inanuka shampuu, na mama mwenye nyumba anadhani nimepata mchumba.

Ahsante kwa zile siku. Nilikuja kukuuguza, na tangu siku ya kwanza ukanipa taulo na kichwa cha mteja. Nashukuru jicho la kulia halikuvimba safari hii, ila usiku ule wa kwanza nilikaa nje ya mlango wako mpaka alfajiri, na fundi viatu alikuwa amekaa hapohapo kabla yangu. Hatukuongea mengi. Ni mtu mtulivu, nakubali.

Yule mama wa maabara aliyekilea kipande chako cha pili nimemshukuru. Ni mkavu kweli. Nilimwambia umeshashonwa, akajibu, "Vizuri," akaendelea na kazi. Nimerudishwa kwenye meza yangu, kwa wagonjwa nisiowajua, na kabati nalifungua kwa saa iliyoandikwa ukutani tu.

Uliponisindikiza ulikuwa bado na bandeji. Sasa watakuwa wameiondoa. Sikuulizi. Najua itachukua muda, najua kuna ambao haukushika, na najua ukiwa na la kusema utasema. Hali ya hewa huko ikoje?

Mwanao.


7 Oktoba

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Hali ya hewa ni nzuri.

Umeniandikia barua nne tangu Agosti, na katika zote nne hukuuliza. Umeuliza presha ya baba yako, umeuliza bei ya shampuu, umeuliza hata kuku wa jirani. Nilikuwa nachelewa kujibu makusudi nione utavumilia mpaka lini. Nakuvulia kofia. Baba yako naye amekuongezea alama, sasa una nane kwa kumi.

Siku waliyoondoa bandeji sikuona kitu cha maana. Mwanga tu, mweupe, kila upande. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeshajiandaa kukuandikia barua ya kukufariji, naijua mpaka sasa kwa moyo, ilikuwa nzuri. Sikuituma. Kisha asubuhi moja nikaona wekundu, na ule wekundu ulikuwa taulo. Baadaye nikaona kingo za mlango, ukaacha kunipiga. Halafu siku moja nimemshika mteja kichwa nikaigawa njia ya nywele kwa ncha ya kitana, kuanzia utosini mpaka shingoni, na ilikuwa imenyooka. Nilikaa chini. Mteja akaniuliza kama nimechoka, nikamwambia ndiyo.

Daktari anasema utando umeshika. Si jicho la kijana, herufi ndogo za gazeti bado, na matone nitaweka kwa muda mrefu. Nimemwambia gazeti tuna mtu wa kulisoma.

Fundi viatu aliniuliza jambo nilipokuwa na bandeji. Nilimjibu mimi sinunui kitu kwa jicho moja, angoje nikimwona vizuri. Alingoja. Nimemwona kwa yote mawili: ana kovu juu ya nyusi, na sikio moja ni kubwa kuliko lenzake. Nimekubali hivyohivyo. Ndoa ni mwezi ujao, hatutaki makubwa. Vipimo vya suti tuma, ingawa anasema hajui kushona suti.

Mkono wangu unaanza kuchoka, na nina sababu. Kabla sijaanza kukuandikia nilimwambia huyo bwana alete kitambaa kizito, akunje mara mbili, anifunge jicho la kulia. Alinifunga, akavuta kiti karibu tayari kunisaidia, nikamfukuza akashone viatu vya watu. Barua hii, tangu tarehe ile pale juu mpaka hapa, nimeiandika kwa la kushoto peke yake, na sasa naisoma tena kutoka mwanzo, neno kwa neno, na kila neno nililoandika lipo.

Shangazi yako.